Bodi ya spika ya blutuu imekufa? Usiitupe, ipime kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu Mwanakwerekwe kaja na kopo la maziwa ya unga, ndani mna bodi tatu za ESP32 (kibodi kidogo chenye kompyuta, wifi na blutuu ndani yake), kanambia kaka hizi zote zishakufa, wewe chukua tu zikufae spea. Alikuwa anatengeneza spika ya blutuu ya kuweka barazani, bodi ya kwanza ikagoma akanunua ya pili, ya pili ikagoma akanunua ya tatu, na nyote mnajua hapa kwetu bodi ukiitaka ama uagize Dar ije na boti ama usubiri mzigo wa China wiki na wiki, kwa hiyo kuzitupa tatu mara moja ni hasara ya kuumiza. Tukakaa chini na mita baada ya laasiri, kufika magharibi mbili zinapiga taarab vizuri kabisa na moja ndo ilikuwa imekufa kweli.

Hii hadithi naiona kila siku, khasa kwa vijana wa skuli wanaoanza. Bodi ikinyamaza wanasema imeungua, wakati mara nyingi bodi ni nzima, ugonjwa uko kwenye waya, kwenye umeme unaoilisha, au kwenye chumvi ya hewa yetu hii. Kwa hiyo nimepanga hapa dalili moja moja kama watu wanavyoniambia, na sababu zake kuanzia ile ninayoikuta sana. Nazungumzia ESP32 na Arduino Nano, kibodi chengine kidogo cha kupangia programu, kwa sababu ndo zilizojaa kwenye miradi ya sauti.

Kabla ya chochote: chomoa kila kitu. Amplifaya, spika, memori kadi, betri, vitufe, vyote toa, bodi ibaki peke yake kama ilivyotoka dukani. Washa tochi ya simu uitizame pande zote mbili, pini zilizopata kutu ya kijani, tone la risasi lililounganisha pini mbili, alama nyeusi ya kuungua, hata sisimizi wanaingia na wanakaa humo. Ukiirukia hatua hii utahangaika kutwa unapima bodi kumbe kosa liko kwenye amplifaya iliyoungwa nayo. Na mita uwe nayo, hata ile ya bei ya chini inatosha, bila ya mita unabahatisha tu.

"Nachomeka haiwaki hata taa"

Anza na chaja na kebo, badilisha vyote viwili, usibadilishe kimoja. Kebo za USB za hapa zinakatikia ndani karibu na kichwa, kwa nje unaiona mpya. Kama unatumia pawabanki kuna jambo watu hawalijui, pawabanki nyingi zikiona kinachovutwa ni kidogo sana zinajizima zenyewe baada ya sekunde kadhaa, zinadhani simu imejaa. Nano peke yake inavuta kidogo sana kwa hiyo itawaka kidogo halafu kimya, wewe unasema imekufa. Ijaribu kwenye chaja ya ukutani au kwenye laptopu.

Bado kimya? Chukua mita, weka kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye GND (upande wa hasi) mwekundu kwenye pini ya 5V (bodi nyengine wameandika VIN). Unatakiwa uone baina ya 4.7 na 5.2. Kama hamna kitu basi umeme hauingii, tizama soketi ya USB, isukume taratibu kwa ukucha, ikicheza ujue risasi yake imeachia, hiyo inarudishiwa risasi inapona. Kama 5 ipo, hamisha waya mwekundu kwenye pini ya 3V3. Kwa ESP32 lazima uone 3.3 au karibu yake. 5 ipo na 3.3 haipo, hapo mkosaji mkubwa ni regyuleta, kile kichipu chenye miguu mitatu upande mmoja na bapa upande wa pili, mara nyingi kimeandikwa AMS1117. Kinauzwa bei ndogo na kinabadilishika, lakini kabla hujakibadilisha soma mwisho huku kwenye habari ya bodi inayounguza, kwa sababu regyuleta haifi bure bure.

Na kama 5 ipo, 3.3 ipo, taa haiwaki? Basi huenda taa tu ndo iliyokufa. Nenda kachomeke kwenye kompyuta uone kama inaonekana.

"Taa inawaka lakini kompyuta haiioni"

Hii ndo ilikuwa bodi ya kwanza ya yule kijana. Kebo yake ilikuwa ya kuchajia tu. Kebo ya namna hiyo ndani ina waya mbili, za umeme peke yake, zile mbili za kupitishia data hazimo, kwa hiyo taa inawaka, simu inachaji, na kompyuta haioni chochote. Nilimpa kebo yangu, kompyuta ikalia ting, akanitizama hakusema kitu. Kebo ukishaijua ina data ifunge uzi au tepu ya rangi, usiichanganye na za chaja.

Sababu ya pili ni draiva. Bodi nyingi zinazoletwa huku zimewekewa chipu ya CH340 au CP2102 ya kuzungumza na kompyuta, tizama kwa tochi karibu na soketi ya USB jina limeandikwa juu yake, halafu weka draiva ya jina hilo. Kompyuta yenye Linux mara nyingi inayo tayari.

Ya tatu, na hii inawatesa sana wanaotengeneza vikasha vya kusikilizia juzuu amma vya madrasa kwa kutumia DFPlayer, kile kibodi cha kupigia sauti kutoka kwenye memori kadi: waya za DFPlayer wamezichomeka kwenye pini 0 na 1 za Nano. Pini hizo hizo ndo bodi inazotumia kuzungumza na USB, kwa hiyo programu haiingii ng'o mpaka uzichomoe. Hamishia kwenye pini 10 na 11 utumie maktaba ya SoftwareSerial, tabu imekwisha.

Kwa Nano kuna jengine, kompyuta inaiona lakini ukipeleka programu inasema haijibu. Kabla hujasema imekufa nenda kwenye menyu ya Arduino sehemu ya Processor uchague ile ya Old Bootloader, bodi nyingi za kopi zinataka hiyo. Kwa ESP32 ikikwama kwenye "Connecting..." na vinukta vinaongezeka tu, bonyeza kitufe cha BOOT ukishikilie mpaka ianze kuandika. Ukichoka kubonyeza kila mara, tia kapasita ya mikrofaradi 10 baina ya EN na GND, upande wa hasi GND, mara nyingi inatulia.

Ukishafanya yote haya kwenye kompyuta mbili tafauti na bado, basi huenda chipu ya USB ndo imekufa na ubongo wenyewe mzima. Bodi haijaisha hapo. Unaweza kuipelekea programu kwa kupitia kadi ya nje ya USB kwenda siriali, TX kwa RX, RX kwa TX, na GND kwa GND, lakini kwa ESP32 hakikisha kadi hiyo imewekwa volti 3.3 si 5.

"Inawaka, inazima, inawaka, spika inapiga tuk tuk tuk"

Hapa ntakaa kidogo maana ndo penye fitina zote.

Kwanza fungua dirisha la siriali (Serial Monitor) kwenye programu ya Arduino kwa kasi ya 115200 usome inachoandika. Ikiwa imeandika "Brownout detector was triggered" inakwambia njaa, umeme unashuka chini ya inachohitaji. ESP32 ikiwasha wifi au blutuu inavuta ghafla miliampia mia mbili na zaidi kwa kitambo kidogo sana, sasa wewe umeiunga na amplifaya kwenye chaja moja ndogo, besi ikipiga amplifaya inavuta, volti zinaanguka, bodi inazimika, amplifaya inapumua, bodi inawaka, na mzunguko unaanza upya. Ndo hiyo tuk tuk tuk. Watu wanabadilisha bodi, bodi mpya inafanya vile vile.

Dawa yake: amplifaya ipate waya zake za umeme moja kwa moja kutoka kwenye chanzo, zisipitie kwenye bodi, na ziwe nene. Zile waya nyembamba za rangi rangi za kuchomeka kwenye breadboard, ule ubao wa matundu wa kujaribia saketi, ni za kupitisha ishara, hazikuumbwa kulisha amplifaya. Tia kapasita ya mikrofaradi 470 au 1000 karibu kabisa na pini ya 5V ya bodi, chanya kwa chanya, ukiigeuza itapasuka usoni kwako. Na chaja iwe ya kweli, iliyoandikwa ampia 2 na ikatoa ampia 2. Nimeshakutana na chaja imeandikwa 2 na ukiivuta nusu tu inashuka mpaka volti 4.3.

Kama hakuna habari ya brownout, unaona inarudia rudia maneno ya "flash read err", hapo tizama pini. Hii ndo bodi ya pili ya kijana wetu. Alikuwa kaunga waya wa data wa DAC (kibodi kinachogeuza namba kuwa sauti) kwenye pini 12. Sasa pini 12 ya ESP32 wakati bodi inaamka ina kazi yake, inasomwa kujua memori ya flashi ilishwe volti ngapi, ikikutwa iko juu bodi inailisha 1.8 badala ya 3.3 na memori haisomeki. Alivyochomoa ule waya mmoja bodi ikaamka hapo hapo. Tukauhamishia pini 22, na zile mbili nyengine za I2S (waya za kupelekea sauti kwenye DAC) tukaziweka 26 na 25, basi. Pini 0 nayo ukiifunga GND wakati inawaka bodi itakaa inasubiri programu, haitaendesha kitu. Na pini 6 mpaka 11 usizitumie kabisa, zimeungwa na memori ya ndani. 34 mpaka 39 ni za kupokea tu, ukitaka zitoe ishara hazitoi.

Kama pini zote ziko sawa na bado inarudia, futa memori yote kwa esptool, programu ya kompyuta ya kuandikia ESP32, amri ya erase_flash, halafu ipeleke programu fupi tu ya kuwasha taa. Ikiwaka taa, bodi nzima, kosa liko kwenye programu yako.

"Kila kitu sawa ila sauti hamna"

Bodi inalaumiwa bure hapa. Pitia haraka: GND ya bodi, ya DAC na ya amplifaya ziwe zimeungwa pamoja, bila hiyo hakuna sauti au utasikia mvumo tu. DAC ya PCM5102 pini yake ya SCK ifungwe GND. Amplifaya ya MAX98357A pini ya SD ikiwa imefungwa GND amplifaya imezimwa. Waya mbili za spika za amplifaya hiyo usiguse hata mmoja kwenye GND, zote mbili zina ishara. DFPlayer inataka kadi isiyozidi GB 32 yenye mfumo wa FAT32, na rezista ya kilo-omu 1 kwenye waya wa RX, bila ya hiyo sauti inakwaruza.

Na hili liandikeni ukutani: blutuu ya kupokea muziki kutoka kwenye simu inataka ESP32 ya kawaida, ile ya mwanzo. ESP32-S3 na C3 zina blutuu ya aina ya BLE tu, isiyopokea muziki huo, na S2 haina blutuu kabisa. Ukinunua S3 kwa sababu ni mpya zaidi hutaisikia simu yako milele, na bodi haina ubovu wowote.

Kwa wa Nano, msiunge spika moja kwa moja kwenye pini. Spika ya omu 8 kwenye volti 5 inataka kuvuta miliampia 625, pini mwisho wake ni 40. Ikishaungua pini hiyo jaribu nyengine kabla hujaitupa bodi, mara nyingi zilizobaki ni nzima.

"Jana ilipiga, leo kimya"

Uliza kwanza kama umeme ulikatika na kurudi. Umeme ukirudi mara nyengine unarudi kwa kishindo, na kinachokufa mbele ni chaja au adapta, bodi iko nyuma yake. Pima inachotoa adapta bila kuiunga na kitu. Imekufa? Nunua nyengine. Na kwa mbele, umeme ukikatika chomoa, usichomeke mpaka upite muda utulie.

Hapa simama. Adapta au pawasaplai inayoingia umeme wa ukutani usiifungue kama hukufundishwa. Ndani mna kapasita kubwa inayobeba volti 325 hivi, na inabaki nazo hata ukishachomoa. Mpelekee fundi wa umeme. Na ukigusa kasha la chuma la amplifaya yako ukahisi linakutetemesha mkono, zima, usiendelee kujaribu, mwite fundi aangalie na ethi ya nyumba pia.

Kama umeme haukukatika, basi ni chumvi. Sisi tunakaa kisiwani, hewa ya pwani inaingia mpaka kwenye droo, na masika yakianza unyevu unakaa juu ya bodi unachanganyika na chumvi ile, kutu ya kijani inaota baina ya pini. Chomoa umeme, chukua mswaki wa zamani na spirit yenye nguvu, ile ya kusafishia vifaa, sugua taratibu pini zote na chini ya soketi, iache ikauke kabisa. Jamaa mmoja wa Wete aliniletea ya kwake kwa boti akiwa na yakini imeungua, nilichofanya ni mswaki tu, sikutia hata risasi. Ikishapona ipake vanishi ya saketi au iweke kwenye kasha lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Ikiangukia maji ya bahari ni mashindano na muda. Chomoa betri papo hapo, ioshe kwa maji safi yasiyo chumvi, halafu spirit, halafu siku mbili tatu mahali penye upepo. Kuifukia kwenye mchele peke yake hakutoi chumvi.

"Inaunguza vidole"

Chomoa sasa hivi, ndo usome.

Bodi ikiwa peke yake na bado kitu kinaunguza, kuna mahali umeme unakwenda chini moja kwa moja. Bila ya umeme, weka mita kwenye omu upime baina ya 5V na GND, halafu 3V3 na GND. Ukiona omu moja au mbili kuna shoti. Tafuta tone la risasi kwanza, uzi wa waya uliokatika ukalala juu ya pini, kapasita uliyoitia kinyume. Kama regyuleta ndo inayounguza, ulishaipa volti ngapi? Wengi wanaunga betri ya sola moja kwa moja. Betri ya 12 ikiwa inachaji inafika 14.4, na paneli yenyewe bila ya mzigo inaweza kuvuka 20, wakati AMS1117 mwisho wake ni 15 na kabla ya hapo ishageuka pasi.

Tumia moduli ya kushusha volti kama LM2596, lakini iset kabla hujaiunga. Bodi ya tatu ya kijana ilikufia hapo. Alikuwa na LM2596 mpya, akaamini imetoka dukani iko tayari, na kwa vile kasoma kwamba ESP32 ni ya volti 3.3 akaunga kwenye pini ya 3V3. Moduli ilikuwa inatoa 11.8. Nilimwonesha: waya za betri ndani, mita nje, bisibisi ndogo kwenye ile skrubu ya shaba iliyo juu ya kiboksi cha buluu, unazungusha kinyume na saa, mara nyengine unazungusha mizunguko mingi namba hazisogei, usikate tamaa, ghafla zinaanza kushuka, 11, 9, 7, ukifika 5.0 unaacha, na hapo ndo unaunga, kwenye pini ya 5V. Na usichomeke USB ya laptopu wakati betri bado inailisha bodi.

Ya kwake tuliitoa regyuleta tukapima tena 3V3 na GND, omu 1.6. Regyuleta haipo na shoti bado ipo, maana yake ni chipu yenyewe, na hapo mimi naacha. Kama bodi bado unaitaka mpelekee fundi mwenye mashine ya hewa ya moto, anaweza kubadilisha moduli nzima. Kujaribu na pasi ya nguo au kiberiti utaharibu na kilichobaki. Na kama kinachopata joto ni betri ya lithiamu, au imevimba, au inatoa harufu, hiyo si ya kutengeneza kabisa, itoe nje iweke juu ya mchanga mbali na watoto na godoro, usiitoboe, usiitie risasi.

Kijana kaondoka na mbili zake. Ile ya tatu nimeitoa soketi ya USB na pini zote, zimo kwenye kopo lile lile la maziwa, mwenye soketi iliyoachia aje achukue.